Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Asubuhi moja ya mwanzo wa muhula, nikisafiri kwa matatu kutoka Ruiru kwenda Thika, niliona malori matatu yaliyosheheni kuni. La kwanza lilikata kona na kuingia katika shule moja ya upili. La pili lilikuwa limesimama nje ya lango la shule nyingine, mwendo ambao mwanafunzi mwenye mbio angeumaliza kabla kengele haijaacha kulia. La tatu lilitupita, na sikujua lilikokuwa likienda. Jioni yake nilimwuliza mhazini mmoja ninayefahamiana naye shule yake hulipa kiasi gani kwa lori moja la kuni. Akanitajia bei. Siku chache baadaye nikamwuliza mwenzake wa shule jirani, naye akanitajia bei iliyoizidi ile ya kwanza kwa maelfu ya shilingi. Kuni zilikuwa za aina moja, na mwuzaji alikuwa mmoja. Wahazini wote wawili ni watu waaminifu. Kosa lao, kama ni kosa, ni kwamba kila mmoja alikwenda sokoni peke yake.

Wahenga walinena kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Jifya ni lile jiwe la mekoni ambalo wengi wetu huku bara tunaliita figa. Chungu hakikai juu ya jiwe moja, hata jiwe hilo liwe kubwa namna gani. Aghalabu methali hii hufundishwa darasani kama methali ya ujirani na harambee. Leo nataka kuipeleka mahali ambapo si desturi kuisikia, yaani katika ofisi za ununuzi za taasisi zetu za umma.

Dai langu ni hili: taasisi za umma zilizo baina ya Ruiru na Thika zinapaswa kununua kwa pamoja zile bidhaa ambazo zote huzihitaji, na zinunue kwa kuzingatia mazingira na uhai wa bidhaa, wala si bei ya siku ya zabuni pekee. Tena naamini kuwa kikwazo kikubwa si sheria. Kikwazo ni mazoea, na nyuma ya mazoea hayo kuna kikwazo kingine ambacho kinanihusu mimi mwalimu wa isimu, nacho ni lugha.

Hebu tuitazame barabara yenyewe. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20. Ruiru kuna chuo cha kuwafunza askari wa magereza, na kuna kituo cha utafiti wa kahawa ambacho kiliupa mji huo sifa kwa aina ya mibuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Ukifika Juja unakikuta Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1994. Ukiingia Thika kuna Hospitali ya Level 5, Shule ya Upili ya Thika, Chania ya wavulana na Chania ya wasichana, shule ya wasioona iliyoanzishwa mwaka 1946, shule za Joytown za watoto wenye ulemavu wa viungo, chuo cha kiufundi na gereza. Sijazitaja shule za msingi, zahanati, vituo vya polisi wala ofisi za kaunti.

Taasisi hizi hazifanani kwa kazi, lakini zinafanana kwa matumizi. Mgonjwa, mfungwa, mwanafunzi na kurutu wote hula githeri. Zote hununua mahindi, maharagwe, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, karatasi, magodoro, balbu, viti, na kuni au gesi. Hata hivyo, kila taasisi hutangaza zabuni yake, hukusanya bei zake, huketisha kamati yake na hupokea lori lake. Mkulima wa mahindi au mwenye kiwanda cha sabuni akiwatazama wanunuzi hawa huona vichwa vingi vidogo, ilhali mwenye mali ni mmoja, naye ni mlipa kodi na mzazi anayelipa karo.

Je, sheria inatuzuia? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 227, inaagiza kuwa taasisi ya umma inunue kwa mfumo wenye haki, usawa, uwazi, ushindani na unafuu wa gharama. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inataja miongoni mwa misingi yake uendelezaji wa viwanda vya humu nchini, maendeleo endelevu na hifadhi ya mazingira. Sheria hiyohiyo inaruhusu mkataba wa muda, usiozidi miaka 3, ambao ndani yake wauzaji wasiopungua 7 kwa kila aina ya bidhaa hukubaliana na mnunuzi kuhusu ubora na masharti, kisha bidhaa zikaagizwa kidogo kidogo kadiri haja inavyojitokeza. Aidha, sheria inakataza kuigawanya zabuni moja vipande vipande kwa nia ya kukwepa taratibu. Hapo ndipo ninapostaajabu. Afisa akiyagawanya mahitaji ya shule moja mafungu kumi, tunamshuku wizi. Mahitaji ya shule kumi zilizopakana yakigawanywa mafungu kumi, tunauita huo utaratibu.

Sasa niseme neno juu ya hilo neno "endelevu". Siku hizi limekuwa kama marashi, hunyunyiziwa kila hotuba hata isiyo na mwili. Ununuzi endelevu, kwa maana ninayoikusudia hapa, ni ule unaouliza maswali ambayo bei peke yake haiyajibu: bidhaa hii imetoka wapi, itadumu muda gani, na ikichakaa itaishia wapi?

Tuchukue mfano wa kuni. Shule zetu nyingi mno za upili hupikia kuni. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikadumu kwa miaka kadhaa. Katika miaka hiyo shule ziliendelea kupika, maana uji haupikwi kwa waraka. Serikali imetangaza nia ya kuzihamisha shule kutoka kuni hadi gesi. Nia hiyo ni njema. Lakini shule moja ikitaka kuacha kuni, sharti inunue tangi, mabomba na majiko mapya kwa mkupuo mmoja, kisha ingoje miaka kadhaa kabla haijaona faida. Mwalimu mkuu aliye na wanafunzi wenye deni la karo hawezi kungoja. Atanunua lori jingine la kuni muhula huu, na jingine muhula ujao. Shule kumi zikienda kwa mwuza gesi pamoja, zikiwa na mkataba wa miaka 3 mkononi, mazungumzo hubadilika. Mwuzaji aliye na hakika ya soko anaweza kugharimia tangi mwenyewe na kujirudishia fedha zake kidogo kidogo katika bei ya gesi.

Hiki ndicho kiini cha hoja yangu. Bidhaa inayodumu, isiyoharibu mazingira, mara nyingi hudai fedha nyingi mwanzoni na kidogo baadaye. Taasisi ndogo, ikiwa peke yake, hushindwa na ule mwanzo. Kwa hiyo kununua pamoja na kununua kwa uendelevu si mambo mawili yaliyowekwa kwenye kapu moja kwa bahati. La kwanza ndilo mlango wa la pili.

Naomba nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya zabuni katika taasisi ambayo sitaitaja. Tulitakiwa kuchagua viti vya ukumbi wa mihadhara. Mzabuni mmoja alileta kiti imara cha mbao na chuma. Mwingine akaleta kiti cha bei ya chini kidogo, chepesi, chenye rangi ya kupendeza. Tulichagua cha bei ya chini, nami nikatia sahihi. Kabla ya mwaka wa pili kwisha, miguu ya viti ilikuwa imeanza kukatika, na nyuma ya jengo kukawa na lundo la viti vilema. Tulivinunua vingine. Ukijumlisha, tulilipa zaidi ya bei ya kile kiti imara tulichokikataa, na juu ya hayo tukatengeneza taka. Taka za mji wa Thika huishia kwenye jaa la Kang'oki, na anayekaa jirani na jaa hakushirikishwa katika kamati yetu.

Kwa nini watu wazima, wenye shahada, walifanya uamuzi ule? Jibu moja limo ndani ya neno "rahisi". Tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu cha bei ya chini. Kiswahili kikalipa pia maana ya jambo lisilo gumu. Katika chumba cha kamati maana hizi mbili hukutana. Kitu cha bei rahisi huwa pia ndicho rahisi kukiamua, kwa kuwa kulinganisha tarakimu mbili kunahitaji dakika moja, ilhali kulinganisha umri wa viti viwili kunahitaji fundi, majaribio na kumbukumbu. Taasisi moja haina fundi huyo. Taasisi kumi zinaweza kumpata, tena pale Juja kuna chuo kikuu kizima cha teknolojia ambacho kazi hiyo ingekuwa zoezi la wanafunzi wake wa uhandisi.

Pengine msomaji atasema kuwa haya ni mawazo ya mwalimu wa chuo anayeota mchana. La hasha. Ununuzi wa pamoja tumeshaujaribu, tena katika jambo linalowagusa walimu na wanafunzi moja kwa moja. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwaka 2003, shule zilipewa fedha ili zichague vitabu miongoni mwa vile vilivyoidhinishwa na kuvinunua kwenye maduka. Tangu mwaka 2018 serikali ikabadili utaratibu huo: ikawa yenyewe ndiyo inunuayo kutoka kwa wachapishaji, kitabu kimoja kwa kila somo, na wachapishaji wakavipeleka shuleni. Bei ya nakala moja ilishuka, na watoto waliokuwa wakigombania kitabu kimoja wakapata kila mtu chake. Lakini maduka ya vitabu katika miji kama Thika yalipoteza sehemu kubwa ya biashara yake. Mwalimu alinyang'anywa nafasi ya kuchagua. Kosa lililomo katika kitabu kimoja likawa kosa la taifa zima. Isitoshe, miaka iliyofuata wachapishaji walilalamika kuwa serikali haikuwalipa kwa wakati. Kwa hiyo somo la vitabu lina pande mbili. Kununua pamoja hushusha bei bila shaka. Swali ni nani anayeubeba mzigo ulioondolewa kwenye bei.

Mfano wa pili ulizaliwa Ruiru kwenyewe. Mwaka 2012 Wawira Njiru alianzisha huko jiko la kuwapikia watoto 25 wa shule chakula cha mchana. Kazi hiyo ndiyo iliyokua ikawa shirika la Food4Education, ambalo hupika katika majiko makubwa ya pamoja na kusambaza chakula kwa shule nyingi za umma. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi iliungana nalo katika mpango wa Dishi na County, ambao mzazi huulipia shilingi 5 kwa mlo mmoja. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya gharama hubebwa na serikali na wafadhili, na ni kweli kuwa shirika hili si la serikali. Lakini ruzuku ya aina hiyo ingeyeyuka upesi kama kila shule ingenunua mchele wake, kuajiri mpishi wake na kuwasha moto wake. Jiko lililoanza na watoto 25 mtaani kwetu limewafunza wengine. Itakuwa aibu sisi wa nyumbani tukiwa wa mwisho kujifunza.

Nakubali kwamba wako wenye hofu, na hofu zao si za kupuuzwa. Hofu ya kwanza ni ya wizi. Shirika la KEMSA liliundwa mwaka 2000 ili kuzinunulia hospitali za umma dawa kwa pamoja, na wazo lake lilikuwa sahihi. Hata hivyo, mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliuchunguza ununuzi wa thamani ya shilingi bilioni 7.8 uliofanywa na shirika hilo, akakuta sheria imekiukwa, bei zimepandishwa na bidhaa nyingi zimelala ghalani bila mnunuzi. Penye chungu kikubwa, mlafi naye huja na upawa mkubwa. Anayepigia debe ununuzi wa pamoja bila kulijibu hilo anajidanganya.

Hofu ya pili niliisikia kwa mama mmoja mwuza nafaka katika soko la Madaraka mjini Thika. Nilipomweleza wazo hili alinitazama, akapangusa mikono yake kwa leso, akasema: "Mwalimu, mkiungana ninyi wanunuzi, mimi nitamwuzia nani? Mtaenda kwa tajiri mmoja mwenye malori, nasi tubaki kuuza gorogoro." Sikuwa na jibu papo hapo. Mama huyo huipelekea shule moja magunia machache ya maharagwe kila muhula, na kwa magunia hayo amewasomesha watoto wake. Mpango wowote utakaookoa fedha za shule kwa kumfukarisha mzazi wa mwanafunzi utakuwa umehamisha tatizo kutoka ofisi ya mhazini hadi nyumbani kwa mwanafunzi. Nimeyawaza maneno yake tangu siku ile, na ndiyo yaliyonifanya nisitosheke na kusema "tuungane" tu. Chungu hukalia mafiga matatu. Nayataja matatu ambayo bila hayo chungu chetu kitapinduka.

Figa la kwanza ni lugha moja ya bidhaa. Tusidhani kuwa wahazini wale wawili walitofautiana kwa bei tu. Walitofautiana kwa neno "lori". Lori si kipimo. Kuni zaweza kuwa mbichi au kavu, zikapangwa kwa kubanana au zikarushwa ovyo zikaacha mapengo. Hata gorogoro, ambalo kila mtu hulijua kuwa ni mkebe wa kilo 2, lina hila zake. Kitako chake kikigongwa kuingia ndani, mnunuzi huondoka na upungufu bila kujua. Maharagwe nayo yana majina mengi: Rosecoco, Wairimu, Nyayo, Mwitemania. Jina analolitumia mwuzaji wa Thika huenda lisiwe la aina ileile kwa yule aliyeyaleta kutoka Meru au Loitokitok. Shule moja huandika "maharagwe mazuri", hospitali ikaandika "maharagwe daraja la kwanza", gereza likaandika "maharagwe" basi. Watu wasioafikiana juu ya jina la kitu hawawezi kukinunua pamoja. Kabla ya mkataba, kabla hata ya mkutano wa kamati, taasisi hizi zinahitaji kamusi ndogo: aina gani, unyevu kiasi gani, uzito gani, gunia la nini, kuni za mti upi, karatasi ya unene gani, kiti cha kubeba mzigo gani kwa miaka mingapi.

Kamusi hiyo iandikwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Lakini karatasi za zabuni tunazowapa wachuuzi ni za Kiingereza kizito, kurasa nyingi, na yule mama wa Madaraka hulazimika kumlipa kijana wa saibakafe amjazie fomu asiyoielewa. Kisha tunashangaa kwa nini wazabuni ni walewale kila mwaka. Ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha unaoeleza kinachotakiwa utafanya mengi kuliko semina kumi za kuwahimiza wanyonge waombe zabuni.

Figa la pili ni haki kwa mchuuzi mdogo. Kuungana kwa wanunuzi hakulazimishi kuwapo kwa mwuzaji mmoja. Mahitaji ya taasisi kumi yakishajulikana, yanaweza kupangwa mafungu ya ukubwa mbalimbali chini ya bei na ubora uliokubaliwa, ili mwenye malori achukue fungu kubwa na kikundi cha akina mama kichukue fungu kinachoweza kulibeba. Sheria ya mwaka 2015 tayari inaagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za ununuzi itengewe makampuni ya wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Nchini Brazil sheria ya mwaka 2009 iliagiza kuwa angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo wenye mashamba ya familia. Huko mlo wa mtoto ukawa pia soko la mkulima. Gatanga, Gatundu na Kandara haziko mbali na Thika. Mkulima wa huko akijua mwezi wa Machi kwamba shule kumi zitahitaji maharagwe mwezi wa Septemba, atapanda kwa matumaini, tena lori litakalobeba mavuno yake halitahitaji kuvuka nusu ya nchi likichoma mafuta.

Figa la tatu ni malipo ya wakati na uwazi wa bei. Mama wa Madaraka alinifafanulia baadaye kuwa hofu yake kubwa kuliko zote si ushindani. Ni kungoja. Amewahi kungoja malipo mihula miwili, akakopa kwa riba ili abaki sokoni. Hayuko peke yake. Kufikia katikati ya mwaka 2024 madeni ya serikali za kaunti nchini kwa wauzaji na wakandarasi yalikuwa yamepita shilingi bilioni 150. Mchuuzi anayejua kwamba atacheleweshwa huongeza bei tangu mwanzo, na hivyo taasisi inayolipa vizuri hulipia dhambi za isiyolipa. Katika muungano jambo hili ni hatari zaidi, kwa kuwa mwanachama mmoja sugu ataharibu jina la wote. Basi iwe sharti: asiyeweka fedha kabla ya kuagiza asiagize.

Pamoja na hayo, bei ibandikwe ukutani. Kila shule iandike kwenye ubao wake wa matangazo: maharagwe, kiasi hiki, kwa bei hii, kutoka kwa fulani, yamelipwa tarehe fulani. Hii ndiyo dawa ya ule upawa mkubwa nilioutaja. Mwaka 2025 Hazina ya Kitaifa iliagiza taasisi za umma zinunue kupitia mfumo wa kielektroniki, na agizo hilo likapingwa mahakamani. Sina ugomvi na mashine. Lakini mashine hutangaza kile tulichokubali kukitangaza, na mzazi anayekuja kumchukua mwanawe siku ya kufunga shule husoma ubao, hafungui mtandao wa Hazina.

Jirani zetu wa Tanzania waliunda Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini mwaka 2007. Wakala huo huingia mikataba na wauzaji wa bidhaa zinazotumiwa na taasisi nyingi, kisha kila taasisi huagiza kwa mujibu wa mikataba hiyo. Sidai kwamba tuige kila kitu, wala sisemi tungoje Nairobi ituundie chombo kipya chenye mkurugenzi, magari na bendera. Ninalolipendekeza ni dogo na linaweza kuanza muhula ujao. Shule nne au tano za umma zilizo karibu karibu katika Thika, na nyingine kama hizo Ruiru, zichague bidhaa mbili tu: maharagwe na nishati ya kupikia. Wahazini wao waketi siku moja waandike maelezo ya pamoja. Chuo kikuu cha Juja kiombwe kupima unyevu wa maharagwe na matumizi ya majiko. Mwisho wa mwaka hesabu zitolewe hadharani: tulilipa kiasi gani zamani, tumelipa kiasi gani sasa, wauzaji wadogo wameongezeka au wamepungua, miti mingapi imebaki imesimama. Hesabu zikituumbua, tuache. Zikitufaa, hospitali na gereza waalikwe.

Nanyi walimu na wanafunzi mnaosoma safu hii, msidhani kuwa jambo hili ni la wahazini peke yao. Mwalimu wa hisabati anaweza kulipeleka gunia kwenye mizani mbele ya darasa, akawauliza wanafunzi shule imepunjwa kilo ngapi. Mwalimu wa kilimo anaweza kuwaonyesha tofauti ya Wairimu na Rosecoco. Mwalimu wa Kiswahili, badala ya kutoa insha ya "Siku Nitakayoikumbuka" kwa mara ya mia, anaweza kuwapa kazi ya kukieleza kiti cha darasani kwa usahihi kiasi kwamba fundi asiyekiona akitengeneze kilekile. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mimi na wenzangu katika ile kamati, pamoja na shahada zetu zote, hatukuiweza.

Wiki iliyopita nilisafiri tena kwa barabara ileile. Karibu na Juja lori la kuni lilitutangulia, limebeba magogo ambayo bado yalikuwa yakitoa utomvu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto haba, na mpishi atakayezipuliza alfajiri kabla ya uji wa wanafunzi ndiye atakayewasha macho. Mahali fulani mbele yetu mhazini mmoja alikuwa akilingoja lori hilo, peke yake, na risiti yake itaandikwa neno moja tu: "lori".